Somo la kompyuta si mwongozo wa kazi: wenye maghala Tabora wapige hesabu kwanza

TABORA. Kila mwaka masoko ya tumbaku yanapokaribia kufunguliwa, vyama vya msingi vya Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui hulazimika kuwaandaa makarani wa mizani, watunza ghala na waandishi wa vitabu. Baadhi yao huwa wapya kabisa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa kwa mdomo: mgeni alikaa na karani mzoefu siku mbili tatu, akaangalia, akauliza, kisha akaachiwa kiti.

Sasa ipo njia nyingine inayotangazwa sokoni. Ni programu za kutengenezea masomo ya kompyuta, zile ambazo makampuni makubwa hutumia kufundishia wafanyakazi wao kwa njia ya mtandao. Wenye kuziuza hudai kwamba zinaweza pia kubeba taratibu zote za kazi za kampuni, kuanzia kupokea mzigo hadi kufunga hesabu za siku. Dai hilo lina ukweli nusu, na mfanyabiashara anayelipia nusu ya pili ya dai hilo atakuwa amelipia hasara.

Kinachogombewa si kidogo. Tuchukue ghala linalopima marobota 200 kwa siku. Karani akisoma mizani vibaya na kupunguza kilo 1 kwa kila robota, kilo 200 zimepotea. Kwa bei ya mfano ya dola 2 za Marekani kwa kilo, hiyo ni dola 400, na ikiwa dola moja inabadilishwa kwa shilingi 2,500, wakulima wa chama hicho wamepoteza shilingi milioni 1 kabla ya jua kuzama. Kosa la daraja ni baya zaidi. Tumbaku ya mvuke ina makumi ya madaraja, kila moja na alama zake na bei yake, na alama moja ikiandikwa sivyo kwenye tiketi baada ya mteuzi kutamka daraja, robota zima hulipwa bei isiyo yake.

Kwa hiyo swali la mahali pa kuweka taratibu za kazi ni swali la fedha. Lisiachiwe fundi wa kompyuta peke yake.

Kirangozi akiondoka

Tabora inaujua ugonjwa huu tangu haijawa na reli. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na kuendelea hadi Ujiji ilibeba merikani, shanga na waya kwenda bara, ikarudi na pembe za ndovu. Mpagazi mmoja alibeba takriban frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, Novemba mwaka huo.

Mali ya msafara ilihesabiwa, ikafungwa, ikaandikwa. Lakini ujuzi wa njia haukuandikwa popote. Ulikuwa kichwani mwa kirangozi aliyetangulia mbele: wapi pana maji, mtemi yupi anadai hongo kiasi gani, pori lipi livukwe usiku. Kirangozi akiugua au akitoroka, mzigo wote wenye thamani ulibaki umekaa chini ya mti. Aidha, njia yenyewe haikutulia. Mwaka 1871 vita vya Mirambo viliifunga njia ya kawaida ya Ujiji, na Stanley aliyekuwa Tabora akimtafuta Livingstone ilimbidi azunguke upande wa kusini.

Biashara nyingi za leo bado zinaendeshwa kwa kirangozi. Ghala lina mtu mmoja anayejua jinsi ya kufunga stakabadhi, duka la jumla lina binti mmoja anayeijua mashine ya risiti ya TRA, kampuni ya malori ina mzee mmoja anayejua karatasi zote za mizani ya barabarani. Kuandika kile wanachokijua ni jambo la lazima. Linalobishaniwa ni kiandikwe kwenye chombo gani.

Programu hizi zinafanya nini

Programu ya kutengenezea masomo humwezesha mtu asiyejua lugha za kompyuta kupanga kurasa zenye maandishi, picha, sauti na maswali, kisha kuzifunga pamoja kuwa kifurushi kimoja. Kifurushi hicho hupandishwa kwenye mfumo wa kuendeshea masomo, kama vile Moodle, ambao hutolewa bure tangu mwaka 2002 na hutumika katika vyuo vingi nchini. Mfumo humwandikisha mfanyakazi, humfungulia somo, na humwekea alama zake. Lugha ya pamoja ya kifurushi na mfumo ni utaratibu uitwao SCORM, uliotokana na mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani na kutolewa kuanzia mwaka 2000.

Zinazojulikana zaidi ni Articulate Storyline na mwenzake Rise, Adobe Captivate na iSpring. Zipo pia za bure, kama H5P iliyoanzia Norway na eXeLearning. Baba yao ni Authorware, iliyotoka mwaka 1987, kwa hiyo aina hii ya bidhaa si ngeni hata kama Tabora inaiona mpya.

Kuna kazi ambazo programu hizi huzifanya vizuri kuliko karatasi. Kwanza ni kuonyesha skrini. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imevitaka vyama vitumie mfumo wa kompyuta uitwao MUVU kwa taarifa za wanachama na mahesabu. Mhasibu wa chama ambaye hajawahi kuufungua atafaidika sana akiona kila hatua ikibofywa mbele yake, kisha akajaribu mwenyewe mahali ambapo kosa halina madhara. Pili ni mazoezi ya jicho: picha 30 za majani ya tumbaku, karani anaweka kila moja kwenye daraja lake, anakosolewa papo hapo, anarudia. Wala haitamfanya awe mteuzi, lakini ataacha kuandika alama asizozielewa. Tatu ni ushahidi. Mwenye ghala akihitaji kuonyesha kwamba kila mtunza dawa za kilimo amefundishwa tahadhari zake, orodha ya majina yenye tarehe na alama humsaidia.

Sauti nayo ina faida yake. Mtu mzima asiyependa kusoma atasikiliza maelezo ya dakika 5 kwa Kiswahili, au hata kwa Kinyamwezi, ambapo kurasa 5 za maandishi asingezimaliza.

Matatizo yanaanzia hapa

Somo husomwa mara moja, na mwongozo hufunguliwa kila siku. Hiyo ndiyo tofauti, na karibu kila hasara inayoelezwa hapa chini inatokana nayo.

Karani aliye mbele ya mizani saa 4 asubuhi, foleni ya mikokoteni ikiwa nje, hahitaji kufundishwa tena maana ya unyevu wa jani. Anahitaji kujua jambo moja: robota likizidi uzito uliowekwa, linarudishwa au linapimwa? Kama jibu limefungiwa ndani ya somo la dakika 20, atalazimika kuingia kwa neno la siri, kufungua somo, na kubofya "endelea" hadi afike panapohusika. Kwa kawaida kisanduku cha kutafutia cha mfumo wa masomo hutafuta majina ya masomo, hakiingii ndani ya kifurushi kusoma maneno yake. Kuchapa ukurasa mmoja kwenye karatasi ni taabu, na somo lililotengenezwa kwa skrini pana ya kompyuta huwa na herufi ndogo mno kwenye simu ya mkononi. Huko vijijini mtandao nao una siku zake.

Atakachofanya karani huyo kinajulikana. Atampigia simu karani wa zamani. Kampuni imelipia programu, imelipia mtaalamu, na kirangozi bado ndiye anayeulizwa njia.

Shida kubwa zaidi ni mabadiliko. Mawakala wa fedha kwa simu hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea kwenye tozo ya miamala ya serikali. Ilianza Julai 2021. Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 ikapunguzwa tena, na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 nayo ikaigusa. Kampuni ya uwakala ambayo ingetengeneza somo zuri la viwango hivyo Agosti 2021, lenye sauti iliyorekodiwa na picha zinazotembea, ingekuwa inawafundisha wafanyakazi wake uongo mwezi uliofuata. Wakala aliyebandika karatasi ukutani aliibandua akaweka nyingine.

Mfano wa pili unawahusu wazabuni. Waliojifunza kuingiza zabuni za serikali kwa mfumo wa TANePS walikuta mwaka 2023 umewekwa mfumo mwingine, NeST, wenye skrini tofauti. Picha za skrini za mfumo wa zamani, hata zingekuwa nzuri namna gani, hazikuwa na kazi tena. Maelezo ya kawaida kama "andaa leseni ya biashara, cheti cha mlipakodi na taarifa za benki kabla ya kuanza" yaliendelea kufaa, kwa sababu hayakushikamana na sura ya skrini.

Mfano wa tatu ni wa dunia nzima. Kwa miaka mingi masomo ya kompyuta yalichapishwa kwa teknolojia ya Flash. Adobe, wenye Flash, waliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020, na siku chache baadaye, Januari 2021, ikazuiwa isifunguke kabisa. Makampuni yaliyokuwa na faili mama, yaani lile faili la awali ambalo somo hutengenezewa humo, yaliweza kuchapisha upya kwa njia nyingine. Yaliyokuwa na kifurushi kilichofungwa tu yalianza upya. Nyaraka za kawaida za miaka hiyohiyo bado zinasomeka.

Suala la faili mama linastahili kusisitizwa, kwani ndipo wafanyabiashara wengi wanapoweza kuumia. Kifurushi kilichochapishwa ni kama unga: hakirudi kuwa mahindi. Mtaalamu wa nje akikabidhi kifurushi na kubaki na faili mama, mteja hawezi kubadilisha hata namba ya simu bila kumrudia. Na mwenye faili mama asiye na leseni ya programu hana tofauti kubwa na asiye nalo. Storyline, kwa mfano, huendeshwa kwenye Windows tu, na leseni yake hulipiwa kwa mwaka. Bei yake inazidi dola 1,000 kwa mtu mmoja, yaani zaidi ya shilingi milioni 2, na mwaka unaofuata hulipwa tena. Kwa upande wa Rise, utengenezaji hufanyika kwenye mtandao wa kampuni yenyewe. Usipolipa, somo ulilokwisha kulichukua na kulipandisha kwako litaendelea kufunguka, lakini kulirekebisha huwezi.

Kwa hiyo gharama inayotakiwa kuulizwa si ya kutengeneza somo. Ni gharama ya kubadilisha mstari mmoja. Kwenye karatasi ya kawaida ya kompyuta mstari mmoja hubadilishwa na karani kwa dakika 2. Kwenye somo itabidi kufungua faili mama, kurekebisha, pengine kurekodi sauti upya, kuchapisha kifurushi, kukipandisha na kukijaribu, na yote hayo yafanywe na mtu mwenye leseni. Panapokuwa na ugumu huo, mabadiliko madogo hayafanywi. Yanarundikana, na baada ya misimu miwili wafanyakazi wanajua kwamba somo linasema hivi na kazi inafanywa vile. Ikifika hapo ni afadhali lisingekuwepo, kwa kuwa mgeni pekee ndiye anayeliamini.

Reli ilivyogawanya kazi

Mgawanyo mzuri upo Tabora penyewe. Reli ya Kati ilifika mjini hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mji ukawa njia panda ya treni za Mwanza, Kigoma na Mpanda. Hapa pia kipo chuo cha reli. Reli, popote duniani, hufundisha watu wake darasani na kwa vitendo, kisha huwapa kitabu cha kanuni. Hakuna anayemtarajia mkuu wa stesheni arudi darasani ili kujua kanuni ya ishara. Hufungua kitabu. Kanuni ikibadilika, hutolewa waraka wenye namba na tarehe, na kitabu husahihishwa.

Biashara ndogo inaweza kuiga hilo bila gharama ya kutisha. Taratibu zenyewe zikae kwenye kurasa za kawaida: kazi moja, ukurasa mmoja, jina la kazi juu kama wafanyakazi wenyewe wanavyoiita, tarehe ya toleo na cheo cha anayeruhusiwa kubadilisha chini. Kurasa hizo zikae kwenye folda moja ambayo kila mhusika anaifungua kwa simu na kutafuta neno. Zile za mizani na ghala zichapwe, zipigwe laminesheni na kutundikwa mahali pa kazi. Toleo jipya likitoka, la zamani libanduliwe siku hiyohiyo. Kazi hii ya kubandua inaonekana ndogo, lakini ghala lenye karatasi mbili zinazopingana ukutani lina matatizo kuliko lisilo na karatasi.

Somo la kompyuta liwekwe juu ya hapo, na liwe fupi. Lieleze kwa nini kazi inafanywa hivyo, lionyeshe, lifanyishe mazoezi, liulize maswali, kisha limpeleke mfanyakazi kwenye ukurasa. Kanuni ya kutenganisha ni rahisi: chochote chenye namba kisiingie kwenye somo. Bei, tozo, uzito wa mwisho wa robota, tarehe za mwisho, namba za simu, majina ya watu, vyote vikae kwenye ukurasa. Somo likitaka kuvitaja, liseme "angalia ukurasa wa mizani". Likitengenezwa hivyo linaweza kukaa misimu kadhaa bila kuguswa, na hapo ndipo fedha iliyolipwa inapoanza kurudi.

Kwa biashara yenye watu 10 au 15, ukweli ni kwamba Storyline ni bunduki ya kuulia nzi. H5P ya bure ndani ya Moodle, au hata video fupi iliyorekodiwa kwa simu, inatosha kwa mazoezi. Leseni ya kulipia ina maana kwa yule anayefundisha watu wengi kazi ileile kila mwaka: chama kikuu chenye vyama vya msingi vingi chini yake, kampuni ya ununuzi yenye mabwana shamba wilaya hadi wilaya, au benki. Hata hao wanahitaji leseni moja au mbili, si moja kwa kila meneja.

Lipo jambo jingine linalosahaulika. Picha za skrini huchukuliwa kutoka kwenye mfumo halisi, na mfumo halisi una majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za benki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa hizo. Somo lenye jina na akaunti ya mwanachama wa kweli, likiwa limesambazwa kwenye simu za makarani 40, ni tatizo la kisheria lililofungwa vizuri. Picha zichukuliwe kwenye kumbukumbu za mfano.

Maswali ya kumuuliza muuzaji

Mwenye ghala, duka au kiwanda cha kufungasha asali atakayeletewa pendekezo la aina hii afanye jaribio mbele ya muuzaji. Amwombe afungue somo lolote alilotengeneza, abadilishe neno moja, na alipandishe tena, huku saa ikiangaliwa. Amwombe atafute neno moja lililo katikati ya somo. Amwombe achape ukurasa mmoja. Kisha mkataba uandike wazi kwamba faili mama, sauti na picha zote zitakabidhiwa pamoja na kifurushi, na utaje programu na toleo lililotumika. Malipo ya mwisho yasubiri mfanyakazi wa ndani afungue faili hilo kwenye kompyuta ya kampuni na kulirekebisha mwenyewe.

Mwekezaji mdogo anayefikiria kununua hisa katika kampuni ya usafirishaji au ghala anaweza kutumia kipimo cha jirani na hicho. Vitabu vya hesabu vinaonyesha faida ya mwaka jana. Havionyeshi kama faida hiyo imo kichwani mwa mtu mmoja anayekaribia kustaafu. Aombe kuonyeshwa mwongozo wa kazi moja ya kila siku, tuseme kupokea mzigo usiku au kufunga hesabu za jioni, kisha aangalie tarehe ya toleo. Mwongozo wa miaka mitano usio na sahihisho hata moja hausomwi na mtu. Wenye marekebisho ya kalamu pembeni, hata ukiwa umechafuka mafuta, ndio unaotumika, na kampuni ya namna hiyo inaweza kumpoteza karani wake mkuu Ijumaa na kufungua mizani Jumatatu.

Kwa vyama vya tumbaku muda wa kufanya haya ni mfupi. Majani yakishatoka kwenye mabani na marobota kuanza kufungwa, hakuna karani atakayepata nafasi ya kuandika chochote. Kurasa za mizani, tiketi na unyevu ndizo za kuanzia. Masomo ya kompyuta yanaweza kusubiri msimu ujao.